Guru wa rumeti na nabii wangu

Jana usiku chumbani hatukulala, ni ubishi tu.

Rumeti wangu anasoma vitabu vya Osho, yule guru wa India aliyefariki 1990. Nikamvaa: “Yaani unamfuata mtu aliyekuwa na Rolls-Royce 93?” Maana kule Oregon, Marekani, miaka ya 1980, wafuasi walichapa kazi, halafu wanajipanga barabarani kumshangilia akipita na gari.

Akanijibu taratibu: “Na wewe yale mafuta ya upako uliyonunua kwa hela ya bumu?”

Nikanyamaza. Imeniuma hadi leo.

Lakini jamani, sikubali kwamba ni kitu kimoja. Kanisani tunamwabudu Mungu, na mchungaji anapiga magoti pamoja nasi. Akikosea, nafungua Biblia namwonyesha. Yesu mwenyewe aliwaosha wanafunzi wake miguu. Guru akishasema, nani atampinga?

Sasa tuache unafiki. Nabii asiyeulizwa swali, picha yake kila gari, ana tofauti gani na guru? Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili, ikapita 400. Wengi walifunga kula hadi kufa wakidhani wanakwenda kumwona Yesu. Na Biblia walikuwa nazo!

Mimi hela yangu hairudi, wiki nzima ni ugali maharage. Ila Jumapili nitasimama nimuulize mtumishi: yale mafuta yameandikwa wapi kwamba yanauzwa? Akikasirika, nitajua nilikuwa namfuata nani.

Nawasilisha.