Shika Mguu Wake

Mwezi huu nina swali moja tu, na ujibu kwa ukweli: mara ya mwisho mwenzi wako kukushika mguu ilikuwa lini? Sizungumzii kugongana miguu kitandani usiku wa manane! Nazungumzia kukaa, kuuchukua unyayo wako mikononi na kuukanda taratibu, bila haraka.

Wengi mtajibu "sikumbuki", au "wakati wa fungate". Na huku kila siku tunarudi nyumbani hoi. Saa mbili kwenye foleni, kina dada tuko juu ya mchuchumio tangu asubuhi, kina kaka wamefungia miguu kwenye viatu vya ngozi na joto lote hili. Tukifika tu, kila mtu na simu yake. Stresi inalala na sisi kitanda kimoja.

Ndiyo maana huduma ya kukanda nyayo, yaani rifleksoloji, imepata wateja wengi kwenye spa za mijini. Unaingia, unakuta ukutani mchoro wa unyayo uliopakwa rangi kama ramani: hapa ini, pale figo, kidole gumba ndiyo kichwa. Unaambiwa ukibonyezwa hapa, kiungo fulani kule ndani kinapata nafuu. Je, ni kweli?

Imetoka wapi?

Mchoro ule si wa kale sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, William Fitzgerald, daktari wa Marekani wa masikio, pua na koo, aliugawa mwili katika kanda 10 zinazopita kuanzia kichwani hadi vidoleni. Kitabu alichoandika na mwenzake Edwin Bowers kilitoka mwaka 1917. Miaka ya 1930 akaja Mmarekani mwingine, Eunice Ingham, aliyeyahamishia mawazo hayo kwenye nyayo na kuchora ramani yake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1938, na michoro mingi ya spa ni wajukuu wa kazi yake.

Kuhusu kutibu, tuwe wakweli. Mwaka 2009 mtafiti Edzard Ernst wa Uingereza alichapisha mapitio ya majaribio 18 ya rifleksoloji, na hakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba inatibu ugonjwa wowote. Ini halibonyezwi kupitia unyayo.

Lakini kutulia ni habari nyingine. Kila mguu una mifupa 26 kuanzia kifundo kwenda chini. Ukijumlisha miwili unapata 52, yaani robo ya mifupa yote 206 ya mwili wako, na yote inabeba uzito wako mchana kutwa. Chini ya ngozi ya unyayo mishipa ya fahamu imejaa tele. Mkono wa taratibu ukipita hapo, misuli inalegea, pumzi inashuka, mabega yanashuka. Kwa hilo huhitaji ramani. Unahitaji mtu.

Mzee anatafuta miba

Hili mimi nililielewa vizuri ukweni kwangu, Kisiwani, wilayani Same. Kama hupajui, ukiwa Same mjini unaiacha barabara kuu ya Dar na Arusha, unauzunguka mlima kwenda upande wa mashariki, huku Milima ya Upare na kule nyika ya Mkomazi. Pana joto na vumbi, na miti ya miba haina idadi. Watu wanatembea kweli kweli: shambani, kwenye mfereji, gulioni. Magaga ya visiginoni si aibu, ni kazi.

Jioni ya kwanza nilimwona baba mkwe ameketi kwenye kigoda, beseni pembeni, mguu wa mama mkwe uko mapajani mwake. Anaukanda polepole, kisigino hadi vidole. Si unajua tena mambo ya ukwe? Nikainamisha macho, nikajifanya natafuta kitu jikoni. Mama akacheka sana.

"Mwanangu, usidhani ni mapenzi ya kwenye tamthilia," akaniambia. "Mzee anatafuta miba."

Kumbe mama ana kisukari cha miaka mingi, na nyayo zake zimekufa ganzi. Kliniki walimwambia achunguze miguu kila siku, lakini macho hayaoni vizuri na mgongo haupindi tena. Mzee akaichukua kazi hiyo. Jioni moja kidole chake kikapita juu ya kitu kigumu chini ya kidole kidogo cha mguu wa mama. Ulikuwa mwiba, umevunjikia ndani na pameanza kutunga usaha. Mama alikuwa ametembea nao bila kusikia chochote! Asubuhi yake wakawahi hospitali Same, kidonda kikasafishwa, akapewa dawa. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kama kile kikiachwa kinaweza kuondoka na mguu mzima. Leo mguu upo, na bado unaenda shambani.

Sasa sikiliza hii. Mwaka huohuo alipita gulioni jamaa mmoja na mchoro wa unyayo. Akamwonyesha mama sehemu ya kongosho, akamwambia awe anaibonyeza kila asubuhi, sukari itashuka yenyewe, vidonge aachane navyo. Mama alirudi nyumbani ameshaanza kuamini, manake nani anapenda kumeza vidonge maisha yake yote? Mzee hakugomba. Alimwambia tu, "Yule anaijua picha. Mimi naujua mguu wako." Vidonge vikaendelea, na kukandwa kukaendelea.

Mpenzi msomaji, faida ya kukandwa miguu nyumbani iko hapo. Mkono unaoujua mguu wako unasikia kilichobadilika. Na si miba tu. Mama aliniambia kwamba mzee akiwa na kinyongo, yeye hujua kwa namna anavyoshika kisigino, na hapohapo huyamaliza kabla ya chakula.

Dakika 20 za nyumbani

1. Zimeni simu zote mbili. Narudia, zote mbili.

2. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, yapime kwa kiwiko. Loweka miguu dakika chache, kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole.

3. Paka mafuta kidogo mikononi, ya nazi au ya ufuta. Usiyajaze katikati ya vidole.

4. Shika mguu kwa mikono miwili, utulie hivyo kidogo. Kisha pitisha dole gumba toka kisigino kwenda juu, zungusha kifundo taratibu, malizia kwa kidole kimoja kimoja. Dakika 10 kila mguu.

5. Uliza: "Hapa vipi?" Akisema panauma, legeza. Maumivu siyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

6. Badilishaneni. Pwani yetu bibi harusi husingwa kwa singo na kufundishwa kumsinga mumewe. Mila nzuri, lakini kina kaka, na ninyi mikono mnayo!

Hapo usiguse

Mguu mmoja ukivimba ghafla, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usikande kabisa. Huenda ni damu iliyoganda, wahini hospitali. Kidonda, homa au mfupa uliovunjika, vivyo hivyo. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Mwenye kisukari akandwe kwa mkono mwepesi, achunguzwe mpaka katikati ya vidole, na maji ayapimiwe na mtu mwingine.

Ukipenda kwenda kwa mtaalamu, nenda, ukapumzike. Anayekuahidi kutibu, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Na yeyote atakayekuambia uache dawa za daktari, vaa viatu vyako uondoke.

Anza leo jioni. Kama mna kinyongo tangu juzi, ndiyo kabisa, anza na mguu. Ni vigumu sana kumnunia mtu huku umemshika kisigino. Tukutane mwezi ujao!