Poti 6379 isiachwe wazi
Katika jengo la 151 Front Street West, katikati ya Toronto, hukutana mitandao mingi ya Kanada, na seva inayokodiwa jijini humo na kijana wetu anayeanzisha duka la mtandaoni huanza kupekuliwa kutoka kila pembe ya dunia punde inapowashwa. Ndani yake mara nyingi imo Redis, hifadhi ya data iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inayosikiliza kwenye poti 6379, ikibeba majina na simu za wateja. Mwaka 2015 mwanzilishi wa Redis, Salvatore Sanfilippo, alionyesha jinsi mgeni anavyoweza kuitumia kujiwekea ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali) na kuiteka seva. Toleo la 3.2, mwaka 2016, likaleta hali ya ulinzi, inayokataa wageni wa nje pasipo nywila, lakini kifurushi rasmi cha Redis cha Docker, mfumo wa kuendeshea programu ndani ya makontena, huizima, tena poti iliyofunguliwa kupitia Docker huupita UFW, ukuta wa ulinzi wa seva, bila kuulizwa. Hilo linanitia hofu. Vijana, ifungeni Redis kwenye 127.0.0.1 (seva yenyewe) au mtandao wa ndani, iwekeeni nywila ndefu, na anayeihitaji akiwa nyumbani aifikie kupitia SSH.