Sumu ya Kwelea Kwelea na Hesabu Isiyokamilika

Kila mara makundi ya kwelea kwelea yanaposhuka katika mashamba ya mtama na uwele mkoani Dodoma, Serikali huombwa kuleta eropleni ya kunyunyizia sumu, na ombi hilo ni la haki. Kwelea kwelea mmoja aweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja humaliza tani 10. Hakuna dungu wala sauti ya mtoto anayeamia iwezayo kulikinza jeshi la namna hiyo. Sisi wa Makole hatulimi huko, lakini unga wa uwele tunaoula watoka huko. Hatuandiki basi kupinga ulinzi wa mazao.

Tunaandika juu ya jambo lisilotajwa. Taarifa tunazosomewa hueleza hekta zilizonyunyiziwa na idadi ya ndege waliouawa. Hazituambii hali ya viumbe waliopata sumu wasife.

Dawa yenyewe, fenthioni, hunyunyizwa jua linapotua, juu ya miti na matete wanamolala ndege. Ni sumu ya mishipa ya fahamu. Katika mwili wa kila mnyama kimo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuufuta ujumbe wa neva mara ukishafika. Fenthioni hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe usiofutwa hupiga bila kukoma, misuli hutetemeka, pumzi hukatika. Ndege huyo ndiye anayehesabiwa. Aliyepata kiasi kidogo huruka akaenda mbali, amepumbaa, hajui tena kujihadhari. Na mwewe, tai na bundi hupenda windo lisiloweza kukimbia. Wakimla, nao huila sumu ile ile. Bundi, ambaye wengi wetu twamchukia kwa imani za uchuro, ndiye askari wa ghala dhidi ya panya.

Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walichapisha habari za kwezi majike waliopewa sumu ya jamii moja na hiyo. Hawakufa, bali walipunguza safari za kuwapelekea makinda chakula. Ni afisa gani atakayeliandika kinda lililokufa njaa katika safu ya hasara?

Wasomaji wetu wa Unguja wanakumbuka sumu iliyotumiwa huko miaka ya 1990 kupunguza kunguru. Ile huwadhuru kunguru kwa kiasi kidogo sana, ilhali tai na mwewe huistahimili zaidi. Fenthioni haina uchaguzi huo.

Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana kuiweka fenthioni kali ya kunyunyizia katika orodha ya viuatilifu ambavyo nchi haipelekewi kabla ya kuarifiwa na kutoa ridhaa yake. Hilo si katazo, ila ni dhamana juu ya anayeridhia.

Kondoa, wananchi huwanasa kwelea kwelea kwa mitego na nyavu, wakawafanya kitoweo. Panaponaswa ndege wa kuliwa pasinyunyiziwe kamwe. Na palipolazimu kunyunyiziwa, wanavijiji waonywe mapema wasiokote mizoga, iteketezwe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina wataalamu. Tunaiomba iwarudishe porini siku ya pili na ya tatu baada ya eropleni kuondoka, wakawatazame bundi na mwewe walio hai, na walichokiona kisomwe katika mkutano wa kijiji pamoja na idadi ya hekta.