Mteja aarifiwe siku bima inapolipa

Mhariri,

Kakangu aligongwa na matatu kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akavunjika paja. Wakili tuliyempa kesi alishinda, nasi tukashukuru. Ila pesa hazikuja. Kila tukienda ofisini kwake karani ana jibu lile lile: "Wakili yuko kortini, mama. Watu wa bima bado wanasumbua." Kakangu anapanda ngazi zile kwa magongo na kushuka kwa magongo, na chuma kingali pajani kwa kukosa pesa za upasuaji wa kukitoa.

Mwishowe nilikwenda mwenyewe kwenye kampuni ya bima. Kijana wa kaunta alifungua faili akanigeuzia karatasi. Hundi ilikuwa imetoka miezi mingi nyuma, na chini pana mhuri wa wakili wetu na sahihi yake ya kuipokea. Nilikosa la kusema.

Najua njia ya kulalamika ipo. Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili imekuwepo tangu 1989 na haimtozi mlalamishi hata senti. Jopo la nidhamu laweza kumwonya wakili, kumpiga faini, kumsimamisha kazi hadi miaka 5 au kufuta jina lake kwenye orodha ya mawakili. Kula pesa za mteja ni jinai katika Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Tumepeleka malalamiko yetu, tunangoja. Lakini yote hayo huja pesa zikiwa zimeshaliwa, na jina la wakili likifutwa leo, kakangu bado hana cha kulipia hospitali.

Naomba Mkuu wa Sheria, Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) na mamlaka inayosimamia bima waweke kanuni moja: siku hundi inapotoka, kampuni ya bima imtumie mteja ujumbe wa simu kumweleza ni kiasi gani na nani amekabidhiwa. Jimbo la New York kule Marekani lina kanuni ya namna hiyo: fidia ikifika dola 5,000 na kulipwa kupitia wakili, bima lazima imwandikie mteja.

Mawakili waaminifu, nao ni wengi, hawapotezi kitu. Ada yao iko pale pale. Anayepinga atueleze hadharani kwa nini majeruhi asijue kwamba fidia yake imeshalipwa.

Msomaji,
Mtwapa, Kilifi