WACHEZAJI WA AKIBA WASISAHAULIWE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaopima timu za vyuo za mpira wa Kimarekani kwa kuwatazama wale wanaoanza tu. Mwaka 2014 Ohio State ilimkosa mrusha mpira wake mkuu, Braxton Miller, aliyeumia bega kabla ya msimu. Aliyeshika nafasi yake, J.T. Barrett, akavunjika kifundo cha mguu walipocheza na Michigan. Hata mimi nilikwisha wakatia tamaa. Wiki iliyofuata akaanza mtu wa tatu, Cardale Jones, wakaibamiza Wisconsin 59-0! Januari 2015 wakazishinda Alabama na Oregon, wakatwaa ubingwa. Basi kabla ya mechi kubwa tuelezwe wa akiba ni nani, na wamecheza mara ngapi.

Mpenda Michezo,
Tanga.