Asilimia ya Nini, kwa Muda Gani?

Wananchi wenzangu, hasa ninyi wa vikoba, wa vizimba vya sokoni na wa vijiwe vya bodaboda, nina ombi. Kuanzia sasa, mtu yeyote akitutajia asilimia, tusimwachie aondoke kabla hajajibu maswali mawili: asilimia ya nini, na kwa muda gani?

Naanza na mikopo kwa sababu huko ndiko asilimia inakouma. Mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wachumi. Tuchukue mfano. Mama muuza samaki anaambiwa atapewa shilingi 200,000, riba asilimia 20 tu, arejeshe 8,000 kila siku kwa siku 30. Anapiga hesabu: jumla 240,000, riba 40,000, basi si mbaya. Siku ya kupokea anakatwa 15,000 za fomu na bima, anaondoka na 185,000. Kesho yake anaanza kurejesha. Ikifika siku ya 15 amesharudisha 120,000, lakini riba ilipigwa kana kwamba laki mbili nzima zitakaa kwake hadi mwisho wa mwezi. Ukitafuta wastani wa fedha za mkopo alizokuwa nazo kweli mwezi ule, haufiki laki moja. Kwa hizo amelipa 55,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 50 kwa mwezi mmoja, na bado huwezi kumshtaki aliyetamka 20 kwamba alidanganya. Alitaja asilimia ya kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, akanyamazia kiasi kilichokaa mkononi.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili, na Benki Kuu ya Tanzania imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni hatua njema. Lakini anayekopa huingia kwenye mkopo akiwa peke yake, mara nyingi usiku, mtoto ana homa au mwenye nyumba anagonga mlango. Nani hupiga hesabu vizuri saa hiyo? Ndiyo maana sina imani sana na semina za elimu ya fedha zinazomfundisha mtu mmoja mmoja kisha zinamwacha peke yake mbele ya mkopeshaji. Hesabu hii inafaa ifanywe na wengi, mchana, kabla shida haijabisha hodi.

Swali la muda lina kazi nyingine pia. Mara kwa mara tunasikia mfumuko wa bei umeshuka, na kila mara kuna anayekasirika: mbona unga haujashuka? Tazama miaka iliyotuumiza. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8, Desemba 2012 ulikuwa 12.1. Umeshuka, ndiyo. Lakini kapu la bidhaa lililouzwa 1,000 Desemba 2010 lilikuwa karibu 1,198 mwaka uliofuata, na karibu 1,343 mwaka wa pili. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Mwanasiasa anayeshangilia kushuka kwa mfumuko mbele ya watu wanaonunua unga kwa kupimiwa kikombe anategemea tusiulize.

Halafu kuna idadi ambazo hata hazitamkwi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, mwenye mgonjwa ndani hahitaji kufundishwa matumaini. Nakumbusha tu jinsi habari ilivyosafiri. Waliojisikia nafuu walirudi wakasimulia, kwenye mabasi, redioni, makanisani. Waliofia njiani na kwenye foleni hawakurudi kusimulia, na walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakazidiwa miezi baadaye hawakuitwa redioni. Sisi tukahesabu shuhuda. Swali lilipaswa kuwa: wamepona wangapi, kati ya wangapi, na nani aliwapima kabla na baada? Leo dawa ya kila ugonjwa inatufikia kwenye simu, ikiwa na shuhuda kumi na maneno «imetumwa kama ilivyopokelewa». Swali ni lile lile.

Mtanijibu: basi takwimu zote ni uongo, tuachane nazo. Hapana. Anayesema hivyo hukopeshwa kausha damu kama wenzake, tena haraka zaidi, kwa kuwa ameshakataa kupiga hesabu.

Ninachoomba kinahitaji chaki na robo saa. Kwenye kikao kijacho cha kikundi, katibu aandike ubaoni, kwa kila mkopo wa nje ambao mwanachama anaufikiria, fedha atakayoshika mkononi baada ya makato yote, fedha atakayorudisha kwa jumla, na siku. Asilimia isiandikwe kabisa. Kikundi kisome, kijadili, ndipo mtu asaini. Walimu wa hisabati wa shule za msingi, waombeni wazazi karatasi za mikopo, mfute majina, wanafunzi wazipigie hesabu badala ya maembe ya Juma. Wasimamizi wa makundi ya simu, ujumbe wa dawa au wa biashara ya kuzalisha fedha ukiingia, mwulizeni aliyeutuma, mbele ya wote na kwa adabu, wangapi kati ya wangapi. Asipojua, aufute mwenyewe.

Na mkopeshaji akija sokoni, asikubali mtu kuitwa pembeni. Mkopeshaji aandike jumla ya marejesho kwa shilingi, kwa Kiswahili, juu ya sahihi, wote wakiona. Akikataa kumwandikia mmoja, basi wenye vizimba vya mstari ule wote wasikope kwake, na namba ya leseni yake iulizwe Benki Kuu wiki hiyo hiyo.