Picha ya Fataki na Ushahidi wa Macho ya Mtoto

Hakuna mwanachuo anayemaliza mafunzo yake ya ualimu bila kuhimizwa kutumia picha darasani. Twaambiwa, na ni kweli, kwamba picha humfikisha mtoto mahali ambapo maneno matupu yasingemfikisha. Lakini liko swali moja ambalo sisi walimu huliuliza kwa nadra sana: picha hii ilipatikanaje? Maoni yangu ni kwamba mwalimu asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajawa tayari kuitundika picha hiyo ukutani. Nitaeleza sababu zangu kwa kisa cha picha moja ya fataki.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilikata picha kutoka katika kalenda kuukuu. Ilionyesha fataki zikilipuka juu ya mji usiku: mistari mirefu ya rangi ya dhahabu, iliyopinda na kuinama kama makuti ya mnazi. Nikawaonyesha watoto wa darasa la nne, nikasema, "Fataki zikilipuka huonekana hivi." Mtoto mmoja, ambaye alikuwa amepata kulala kwa shangazi yake mjini Unguja usiku wa kuamkia sikukuu ya Mapinduzi, akanyosha mkono. "Mwalimu, mimi nimeziona. Hazikuwa nyuzi. Zilikuwa cheche zinakimbia, halafu zinazimika." Nami, kwa kuchelea andalio langu la somo lisivurugike, nikamjibu, "Hukuangalia vizuri. Kaa chini." Akakaa. Sikumsikia tena akitia neno katika somo la sayansi hadi nilipoondoka shuleni hapo.

Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba aliyekosa kuangalia vizuri ni mimi. Nilikuwa nimenunua kamera iliyokwisha tumika, ile ya filamu, nikavuka kwenda Unguja usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, siku ya ukumbusho wa Mapinduzi ya 1964. Saa sita ya usiku fataki zikarushwa, au fashifashi kama wengi wanavyoziita huko. Filamu yangu ilikuwa na nafasi ya picha 36. Zile za kwanza nilizipiga kama nilivyozoea kupiga mchana, kwa sehemu ya 60 ya sekunde. Kisha nikaikaza kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, nikaelekeza lenzi umbali wa mwisho kabisa, nikageuza kirungu hadi kwenye herufi B. Kwa herufi hiyo, kifuniko kilicho ndani ya kamera hubaki wazi kwa muda wote ambao mpigaji amebonyeza. Nikatumia waya wa kufyatulia ili mkono wangu usiitikise kamera, na kila mara nikahesabu sekunde mbili, nne, hata nane. Yote hayo niliyaandika katika daftari, nikimulikiwa na tochi.

Fundi wa studio alipozisafisha picha zile, jibu lilikuwa mezani. Zile za sehemu ya 60 ya sekunde zilionyesha nukta na vijistari vifupi, karibu sawa na maneno ya yule mtoto. Zile za sekunde nne zilionyesha makuti ya dhahabu ya kalenda yangu. Fataki zilikuwa zile zile na mbingu ile ile. Kilichotofautiana ni muda. Jicho la binadamu hushika nuru kwa muda mfupi tu, kadiri ya sehemu ya kumi ya sekunde, kisha huiachilia. Filamu haiachilii. Hupokea na kulimbikiza kila nuru iliyoigusa maadamu kifuniko kiko wazi. Cheche ikisafiri, filamu huandika njia yake yote.

Mwalimu ataelewa zaidi akifikiri juu ya chaki na ubao. Uzito wa mstari hutegemea jinsi unavyokandamiza chaki. Urefu wake hutegemea muda unaovuta mkono. Kwa fataki ni vivyo hivyo. Cheche hupita juu ya kila sehemu ya filamu kwa nukta ya muda tu, kwa hiyo mng'ao wa mstari wake hutegemea zaidi ukubwa wa tundu la lenzi. Muda huamua urefu wa mistari na idadi ya milipuko itakayoingia katika picha moja. Kwa filamu ya kasi ya 100, tundu la namba 8 au 11 hufaa. Hapo pana somo zuri la hesabu, kwa kuwa tundu la namba 16 ni dogo kuliko la namba 8. Namba hizo ni za kugawia: lenzi ya milimita 50, ukigawa kwa 8, hupata tundu lenye kipenyo cha milimita 6.25, ukigawa kwa 16, hupata nusu yake. Mtoto anayebishana kwamba 1/16 ni kubwa kuliko 1/8 atalikumbuka tundu hilo.

Aidha, kwa kuwa mbingu ya usiku ni nyeusi na haiongezi nuru nyingi, mpigaji aweza kuacha kifuniko wazi, akaziba lenzi kwa kipande cha karatasi nyeusi, akakiondoa kila fataki inaporuka. Milipuko mitano iliyotokea kwa zamu itaonekana pamoja katika picha moja. Picha hiyo si ya uongo, kwani kila nuru iliyomo ilikuwako. Hata hivyo, hapana mtu aliyesimama pale aliyeiona mbingu ikiwa hivyo. Mwalimu asipolieleza jambo hilo, atakuwa amewafundisha watoto kuiamini karatasi kuliko macho yao wenyewe.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba siku hizi simu hupiga picha, filamu ya nini? Siidharau simu. Lakini simu mara nyingi hujiamulia muda na nuru bila kumshirikisha mpigaji, na kosa hufutwa papo hapo. Filamu hunyamaza hadi itakaposafishwa, kwa hiyo humlazimu mtu kukisia, kuandika alichofanya, na kulinganisha matokeo na maandishi yake. Huo ndio mwenendo wa sayansi tunaotaka watoto waujue.

Pili, kwamba shule zetu hazina kamera wala fataki. Ni kweli, wala hazihitajiki. Kila mtoto wa kijijini amewahi kuona kijinga cha moto kikizungushwa gizani kikawa duara. Tumia tochi badala ya moto. Tia chumba giza kiasi, mtoto mmoja aisogeze tochi polepole mbele ya ukuta. Piga kofi mara kwa mara, na kwa kila kofi mwenzake atie nukta katika karatasi mahali nuru ilipo. Mwishowe nukta zitakuwa mstari. Hapo waambie: karatasi hii ndiyo filamu. Kisha, na kisha tu, tundika picha ya kalenda na uwaulize ilipigwa kwa muda mrefu au mfupi.

Aliyepata kuona fataki mwache asimulie. Mwulize kama mwanga ulitangulia mshindo. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyehesabu sekunde tatu alikuwa umbali wa kilomita moja hivi. Mwulize na rangi, kisha umweleze kwamba madini ya shaba hutoa buluu, na ya sodiamu hutoa njano.

Wanachuo wenzangu, mtoto anapopingana na picha uliyoileta, usikimbilie kuitetea picha. Andalio la somo laweza kungoja dakika tano. Mtoto aliyeambiwa kwamba macho yake yamemdanganya, hali yamemwambia kweli, hataleta tena alichokiona mbele ya mwalimu. Mimi nilimpoteza mmoja kwa njia hiyo, na picha zote 36 za filamu yangu haziwezi kumrudisha.